Mlima Mmoja, Vituo Mbalimbali: Mbio za Baiskeli za Kundi Lisiloacha Lindo

Yapo mashindano ya namna mpya yaliyoenea duniani katika miaka ya karibuni, nayo yastahili kufikiriwa kwa makini na kila askari na kila polisi anayejali afya ya mwili wake. Ni mashindano ya baiskeli ambayo washindani wake hawakusanyiki mahali pamoja. Kila mmoja hubaki pale alipo, akaendesha baiskeli katika njia ya kwao au juu ya mtambo uliosimamishwa chumbani, kisha kilomita zake zikajumlishwa na za wenzake, mpaka kundi zima likatimiza urefu wa njia fulani mashuhuri ya milimani. Pengine hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga njia hiyo, na hata hivyo kundi limeipanda yote, tangu bondeni hadi kileleni.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lamhusu nini askari aliyeko Musinzira mjini Gitega, au polisi aliyeko Muyinga? Lamhusu sana. Maisha ya mlinzi wa usalama ni maisha ya kutawanyika. Huyu yuko lindoni usiku, yule yuko katika doria, wa tatu anasimamia kizuizi barabarani, wa nne yuko likizo kwa wazazi wake. Ni nadra kikosi kizima kupata siku moja ya kushindana pamoja. Mashindano haya hayaidai siku hiyo. Lakini yana hatari moja ambayo raia wa kawaida haimgusi sana, na ambayo kwa mtu wa silaha yaweza kuwa suala la kufa na kupona. Yafaa tuyatazame mambo yote mawili, faida na hatari, kisha tuone namna ya kuipata faida bila ya kuikaribisha hatari.

CHANZO CHAKE

Mwaka 2020, maradhi ya Uviko yalipozuia watu kukusanyika, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ulaya yalifutwa au kuahirishwa moja baada ya jingine. Tarehe 5 Aprili mwaka huo, siku ambayo mbio za Flanders nchini Ubelgiji zilikuwa zifanyike, waendeshaji 13 walishindana kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Walipita kilomita 32 za mwisho za njia ile kwa njia ya kompyuta, na mshindi akawa Greg Van Avermaet wa Ubelgiji. Mwezi huo huo Uswisi nayo ilifanya mashindano ya siku tano ya namna hiyo katika njia zake za milimani, na mwezi Julai yakafuata yale ya Ufaransa, ambayo hatua yake moja ilipanda mlima Ventoux. Tarehe 9 Desemba 2020 ulimwengu ulipata mabingwa wake wa kwanza wa mchezo huu. Kwa wanaume alikuwa Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kupiga makasia. Kwa wanawake bingwa alitoka barani mwetu: Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini.

Mtambo wenyewe hufanya kazi kwa namna ambayo si vigumu kuielewa. Gurudumu la nyuma huondolewa au kuegemezwa juu ya chombo chenye breki ya sumaku. Kompyuta huijua ramani ya mlima. Njia inapoinuka, chombo huongeza uzito kwenye pedali, na njia inapolala, huupunguza. Nguvu ya miguu hupimwa kwa wati, ikagawanywa kwa uzito wa mwendeshaji, na hapo ndipo kasi yake ya kupanda inapopatikana. Washindani wote huonekana katika kioo kama vikaragosi vinavyopanda pamoja, hali kila mmoja yuko nchi yake.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wazo hili limezaliwa na kompyuta. Kwa miaka mingi askari wa Marekani waliopelekwa ng'ambo wamekuwa wakikimbia masafa ya mbio za kwao siku ile ile ambayo wenzao walikuwa wakizikimbia nyumbani. Wapo pia waendesha baiskeli wanaochagua kilima kimoja tu na kukipanda na kukishuka mpaka jumla ya kimo walichopanda ifike mita 8,848, kimo cha mlima Everest kilichozoeleka. Katika hayo yote kiini ni kimoja: mlima umegeuzwa kuwa hesabu, na hesabu inaweza kutimizwa popote penye mwinuko.

MILIMA YETU NA BAISKELI ZETU

Kwa upande wa mwinuko, Burundi haihitaji kuazima. Mtu atokaye Bujumbura, kando ya ziwa Tanganyika ambalo uso wake uko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, katika safari ambayo haifiki hata kilomita 50. Kutoka hapo barabara huelekea Muramvya na kuteremka hadi Gitega, mji uliokaa katika kimo cha mita 1,500 hivi. Anayetoka Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi naye huvuka kilima baada ya kilima, na akifika Muyinga bado yumo katika nyanda za juu, jirani na mpaka wa Tanzania.

Baiskeli nayo, ambayo kwa Kirundi huitwa ikinga, si mgeni katika milima hiyo. Kila msafiri wa barabara ya Bugarama amewaona vijana wanaoteremka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, mzigo ukiwa umempita mwenyewe kwa upana, na kiatu kikisaidia breki. Amewaona pia wakipanda huku wameshika nyuma ya malori. Polisi wa barabarani wanaujua vizuri mwisho wa mchezo huo, kwani wao ndio wanaoitwa kuwaokota majeruhi na kuandika taarifa. Hatuwasifu vijana hao kwa kuhatarisha maisha yao. Twasema tu kwamba nguvu ya mapaja na uvumilivu wa mapafu unaohitajika katika mbio za milimani vimo katika nchi hii tangu zamani, na vinatafuta utaratibu.

Hata katika historia ya vita baiskeli imeheshimiwa. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu nchini Vietnam, maelfu ya wachukuzi walisukuma baiskeli zilizopakiwa zaidi ya kilo 200 kila moja katika njia za milimani, na chakula na risasi vikawafikia wapiganaji mahali ambapo malori hayakuweza kupita. Jeshi la Uswisi lilikuwa na vikosi vya baiskeli tangu mwaka 1891 hadi vilipovunjwa mwaka 2003.

NJIA YA KUPANDA

Kundi likitaka kuchagua njia ya kupanda kwa hesabu, si lazima liende mbali hadi Ulaya. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika mjini Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, na jumla ya mwinuko uliopandwa ilikuwa mita 5,475. Ndani yake mlikuwa na mlima Kigali, wenye kilomita 5.9 za kupanda kwa wastani wa asilimia 6.9, mlikuwa na ule ukuta wa mawe wa mita 400 ambao mwinuko wake ni asilimia 11, na mlikuwa na mpando wa Kimihurura, nao wa mawe, ambao washindani waliurudia mzunguko baada ya mzunguko. Waendeshaji 165 walianza. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, aliwaacha wakuu wenzake katika mlima Kigali, zikiwa zimesalia kilomita zaidi ya 100.

Wengi katika wageni wale walilalamikia kimo na hewa nyembamba. Askari wa Gitega hana sababu ya kulalamika, kwa kuwa kimo cha mji wake na kimo cha Kigali havipishani sana. Hewa iliyowashinda mabingwa ndiyo hewa anayoivuta yeye kila alfajiri.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue kundi la watu kumi: watano wako Gitega, watano wako Muyinga. Kilomita 267.5 zikigawanywa kwa kumi, kila mtu atapata kilomita 26.75. Mita 5,475 za mwinuko zikigawanywa kwa kumi, kila mtu atapata mita 547.5. Tuseme kila kituo kina kilima chenye kimo cha mita 50, ambacho njia yake ya kupanda ni kilomita moja. Huo ni mwinuko wa asilimia 5. Kila mtu akikipanda mara 11, atakuwa amepanda mita 550, na kwa kupanda na kushuka atakuwa amekwenda kilomita 22. Kilomita 4.75 zilizobaki atazimaliza katika njia tambarare. Kazi hiyo ikigawanywa katika siku tano, ni kupanda mara mbili kwa siku, na siku moja mara tatu. Hakuna ofisa atakayesema kwamba zoezi hilo limevuruga zamu.

Na wala si zoezi dogo. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 15, akikipanda kilima hicho kwa dakika tano, atatoa wati 130 hivi kwa ajili ya kuushinda mlima peke yake, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Anayeanza atahema. Baada ya miezi miwili atakipanda huku anazungumza, na faida yake ataiona siku atakapolazimika kukimbia na silaha na mkoba mgongoni.

SIMU INAPOTAJA MAHALI ULIPO

Hapa ndipo tunapofikia ile hatari tuliyoitaja. Watu wengi wanaoshiriki mashindano haya hupima safari zao kwa simu au kwa saa ya mkononi. Chombo hicho hupokea ishara za setilaiti, kikaandika kila kona aliyopita mwenye nacho, saa aliyopita na kasi aliyokuwa nayo, kisha kikapeleka yote hayo katika mtandao ili wenzake waone. Raia apandaye mlima kwa furaha yake hapotezi mengi. Askari anaweza kupoteza kambi nzima.

Jambo hili si la kubuni. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo hukusanya safari za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilitoa ramani ya dunia iliyochorwa kwa mazoezi yapatayo bilioni moja. Palipokimbiwa sana paling'aa, pasipokimbiwa pakabaki giza. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, aliitazama ramani hiyo na kuona kwamba katika maeneo yenye giza ya Syria na Afghanistan kulikuwa na vijistari na viduara vinavyong'aa. Vilikuwa ni kambi. Askari walikuwa wamekimbia kandokando ya ua wa kambi zao asubuhi baada ya asubuhi, na miguu yao ikauchora ua, njia za doria na njia za kuingilia. Hakuna jasusi aliyetumwa, wala karatasi iliyoibwa. Mwezi Agosti 2018 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya vyombo vinavyoonyesha mahali katika maeneo ya operesheni.

Polisi nao wasidhani kwamba hilo ni tatizo la jeshi peke yake. Mwezi Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa lilionyesha jinsi safari za mazoezi za walinzi wa viongozi wa Ufaransa, Marekani na Urusi zilivyoweza kusomwa na mtu yeyote, na kupitia kwao zikajulikana hoteli ambazo viongozi hao wangefikia. Na tarehe 10 Julai 2023 ofisa mmoja wa Urusi aliyewahi kuongoza nyambizi aliuawa kwa risasi mjini Krasnodar alipokuwa akikimbia asubuhi. Ilionekana baadaye kwamba njia zake za mazoezi zilikuwa zimewekwa wazi katika mtandao huo huo.

Askari wa Burundi hawahitaji kuambiwa thamani ya kambi isiyojulikana. Walihudumu Somalia kuanzia Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024, na tarehe 3 Mei 2022 kambi yao ya El-Baraf ilishambuliwa na wapiganaji wa al-Shabaab, wakauawa wengi. Hatusemi kwamba simu ndiyo iliyosababisha maafa hayo. Twasema kwamba adui yupo, na kwamba kumrahisishia kazi kwa ajili ya mchezo ni jambo lisilosameheka. Mtu aliyezoea nyumbani kuiandikisha kila safari yake katika mtandao ataendelea na mazoea hayo atakapopelekwa mbali. Mazoea hayabaki kambini mkoba unapofungwa.

DAFTARI BADALA YA SIMU

Je, tuyaache basi mashindano haya? La, hasha. Faida yake haimo katika simu, bali imo katika jumla. Kundi la Gitega linahitaji kujua kwamba kundi la Muyinga limepanda mita 550 zaidi. Halihitaji kujua ni katika kilima gani, wala saa ngapi. Tarakimu tupu haimwambii adui lolote. Ndiyo maana twapendekeza chombo ambacho kila kituo cha polisi na kila kambi inakijua: daftari.

Njia ipimwe mara moja tu, kwa gurudumu. Chora mstari wa chaki ardhini, weka hapo valvu ya gurudumu la mbele, sukuma baiskeli mpaka valvu irudi chini, kisha pima umbali huo kwa futi kamba. Kwa baiskeli ya kawaida ya inchi 28 utapata mita 2.2 hivi. Funga kitambaa kwenye spoku, kokota baiskeli katika njia yote na uhesabu mizunguko: mizunguko 455 ni kilomita moja. Kimo cha kilima kisomwe katika mistari ya ramani, kazi ambayo kila askari aliyehitimu amefundishwa. Hakuna haja ya setilaiti.

Kila anayepanda aandikwe na shahidi, si na yeye mwenyewe. Yaandikwe jina, siku, idadi ya mipando, na sahihi mbili. Daftari likae kituoni kama vitabu vingine vya kazi. Mwisho wa juma mkuu wa kundi apeleke kwa mwenzake namba mbili tu: jumla ya kilomita na jumla ya mita. Saa ya zoezi ibadilishwe mara kwa mara, kwa maana hata bila simu mtu apitaye mahali pamoja saa ile ile kila siku hujulikana na kila mpita njia.

Wakati wa kushuka usihesabiwe kamwe. Mashindano yawe ya kupanda, na kushuka kuwe kwa breki zilizokaguliwa na kofia kichwani, maana kilima chetu kina wanafunzi, mbuzi na malori. Atakayeonekana ameshika lori, mipando yake ya juma zima ifutwe.

UAMINIFU NDIO MZANI

Limebaki jambo moja, nalo pengine ndilo zito kuliko yote. Katika mashindano ya kawaida kuna mwamuzi na kuna watazamaji. Katika mashindano haya mara nyingi hakuna anayekutazama. Mwendeshaji wa kompyuta aweza kuandika kwamba ana kilo 60 hali ana 70, na mlima ukawa mwepesi kwake bila kutoa jasho. Mwaka 2019 bingwa wa kwanza wa Uingereza katika mchezo huu alinyang'anywa taji, akafungiwa miezi sita na kutozwa faini ya pauni 250, baada ya kugundulika kwamba alijipatia baiskeli bora ya ndani ya mchezo kwa kutumia programu iliyoigiza safari ambazo yeye hakuziendesha.

Kwa askari udanganyifu wa namna hiyo una maana nzito zaidi. Anayeandika mipando mitatu hali amepanda miwili, ndiye yule yule atakayeandika kwamba alizunguka ghala mara tatu usiku hali alilala baada ya mara ya pili. Tofauti ni kwamba katika mchezo kundi hupoteza mita 50, na katika ghala taifa laweza kupoteza silaha. Kwa sababu hiyo kiongozi wa kundi asiwe mkali kwa aliyeshindwa, bali awe mkali kwa aliyedanganya. Aliyeugua aseme ameugua, na wenzake wagawane mipando yake, na daftari lionyeshe wazi ni nani aliyembebea nani. Huko si kudhalilishwa. Kikosi chochote kilichowahi kutembea masafa marefu kinajua kwamba yuko siku zote anayechukua mzigo wa mwenzake, na kwamba siku nyingine zamu hugeuka.

Shime, basi. Baiskeli zipo, kila moja ikiwa na historia yake ya pancha na minyororo iliyounganishwa. Vilima vipo, Musinzira na kwingineko, na havidai kiingilio. Kundi la watu kumi lianze Jumatatu ijayo na daftari jipya. Katika ukurasa wa kwanza iandikwe: Kigali, kilomita 267.5, mita 5,475. Chini yake waandikwe wote kumi kwa majina yao, na nafasi ya sahihi za mashahidi iachwe kuwa pana.